Nilivyookoa shilingi 850 nusura nimpoteze binti

Mpenzi msomaji, kama una mtoto anayesoma mbali na nyumbani na anajipikia, naomba uweke kando hicho kikombe cha chai unisikilize kidogo. Habari ninayokuletea leo sikuisikia kwa jirani. Ni yangu mwenyewe, na aibu iliyomo ndani yake ni yangu pia.

Binti yangu, kitinda mimba wetu, yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Jina hilo lisikudanganye ukadhani chuo kiko Meru mjini. Kiko Nchiru, upande wa Tigania, ukishika barabara iendayo Maua. Kilianza kama chuo cha ufundi, na mwezi Machi mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tangu hapo ploti za kukodisha zimeota kama uyoga wa masika kukizunguka. Ni vyumba vya mawe vilivyopangwa mstari, mlango kwa mlango. Kila mlango una mwanafunzi, na kila mwanafunzi ana jiko.

Mwaka wa kwanza alilala bweni. Wa pili, yeye na mwenzake wakakodi chumba kimoja nje ya chuo wakawa wanagawana kodi. Nilifurahi, maana sisi watu wa Nairobi tunaoishi kwa mshahara wa mwezi hupenda kusikia neno "kugawana". Zamani mwanafunzi wa namna hiyo angenunua stovu ya mafuta ya taa. Lakini mwezi Septemba mwaka 2018 Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, na stovu ikapoteza unafuu wake. Wanafunzi wengi wakahamia gesi. Wetu nao wakanunua mtungi wa kilo sita wenye kichomeo kinachosokotwa juu yake, ile tunayoiita meko.

Kwa muhula mmoja mambo yalikwenda vizuri. Kisha mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimaliza masomo akawauzia jiko la mezani lenye mafiga mawili, ili githeri ikitokota huku, chai iwe inachemka kule. Jiko la namna hiyo halikai juu ya mtungi. Linahitaji mpira wa gesi, na linahitaji regyuleta, yaani kile kidude kinachofungwa kwenye mdomo wa mtungi ndipo mpira ukaunganishwa.

Jioni moja akanipigia simu akiwa dukani.

"Mama, kuna ya 1,300 na kuna ya 450. Mwenye duka anasema ile ya 1,300 ndiyo nzuri."

Nilicheka. "Mwenye duka unatarajia aseme nini? Chukua ya 450. Regyuleta ni regyuleta."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mama." Nikamtumia pesa kwa M-Pesa, nikalala nikijisifu kwamba nimeokoa shilingi 850. Mwezi huo mshahara wa baba yake ulikuwa umechelewa, na shilingi 850 zilikuwa unga, sukari na nauli ya wiki.

Ngoja nikueleze kwa nini niliamini maneno yangu. Nilipoolewa, kununua mtungi wa gesi kulikuwa kama ndoa ya kanisani: ukishafunga, umefunga. Kila kampuni ilikuwa na mtungi wake, valvu yake na regyuleta yake. Gesi ya kampuni yako ikiadimika, ulirudi kwenye makaa ukakodolea macho mtungi wa jirani usioweza kukusaidia. Mwaka 2009 Serikali ikatoa kanuni mpya: mitungi midogo iwe na valvu ya aina moja, na ile ya kilo 13 iwe na ya aina yake moja, haidhuru kampuni. Mwanzoni wauzaji walilazimika hata kubadilishana mitungi. Mpango huo wa kulazimishana uliondolewa na kanuni za mwaka 2019, lakini valvu zilibaki hivyo hivyo. Ukiwa na regyuleta ya kilo sita leo, itaingia kwenye mtungi wa kilo sita wa kampuni yoyote.

Hapo ndipo mimi, na nadhani wengi wetu, tulipoteleza. Tuliona midomo imefanana tukadhani na matumbo yamefanana. Kifaa kikiingia na jiko likawaka, tunasema kimekubali.

Wiki tatu baadaye simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Mzazi yeyote anajua jinsi moyo unavyoruka simu ikilia saa hiyo. Alikuwa binti yangu, na nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi.

"Mama, tuko nje. Hatujaumia."

Huwa sipendi habari inayoanza na "hatujaumia".

Ilikuwa hivi. Usiku wa manane aliamshwa na harufu kama ya mayai viza. Mwenzake naye akaamka, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Binti yangu akamshika ule mkono. Ananiambia hakumbuka kusema neno, aliukamata tu. Wakafungua mlango na dirisha gizani. Akafunga regyuleta, akaisokotoa ikatoka mtungini, wakautoa mtungi hadi uani, mbali na milango ya watu. Ndipo wakawaamsha majirani. Hakuna aliyebishana wala kuuliza maswali. Watu walitoka na mashuka, maana bado wanaikumbuka Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari mwaka 2024, gari lililobeba gesi lilipolipuka, likaua watu na kuwajeruhi zaidi ya 200.

Sikungoja chai. Nilipanda matatu ya Meru, na njia nzima, tangu mashamba ya mpunga ya Mwea, Embu, kona za Thuci, Chuka hadi Nkubu, nilikuwa nikipiga hesabu moja tu: shilingi 850. Niligawa kwa siku, nikagawa kwa watoto wangu, na kila nilivyoigawa ilizidi kuwa ndogo.

Meru mjini nilimpitia mdogo wa mume wangu, ambaye anafanya kazi katika baa. Alipopata habari alisikitika sana, akaingia stoo akatoka na kifaa kizito cha shaba chenye saa mbili za kupimia.

"Shemeji, pesa usitoe. Chukua hii umpelekee mtoto. Hii ndiyo regyuleta. Imetufanyia kazi ya kegi miaka minane, haijawahi kunisumbua."

Msomaji, nataka ujue jinsi mwanadamu anavyosahau haraka. Nilikuwa bado sijamwona mtoto wangu, na tayari mkono wangu ulikuwa umeshakipokea kile kifaa. Kilikuwa cha bure, kilikuwa kizito, na kilikuwa na saa mbili zinazong'aa. Nilikitia kwenye mkoba nikashika njia ya Nchiru.

Nilimkuta binti yangu amekaa kwenye ngazi. Tulikumbatiana bila kusema mengi. Baada ya hapo tulifanya jambo la maana kuliko yote tuliyoyafanya siku hiyo: tulikwenda kwa mzee mmoja fundi wa kuchomelea vyuma ambaye pia hutengeneza majiko ya gesi. Mkono wangu mmoja ulikuwa na regyuleta ya 450, na mwingine ile ya baa.

"Muga," alitusalimu, nasi tukaitikia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alianza na ile ya baa.

"Mama, hiki ni kifaa kizuri sana," akasema. "Lakini si cha nyumba yako."

Akanieleza polepole. Mtungi wa kegi hauna gesi ya kupikia, una hewa ya kaboni, ile ile inayotoa povu katika soda. Hewa hiyo hukaa mtunginini kwa presha kubwa mno, bari 50 na zaidi, wakati tairi la gari dogo hujazwa bari mbili na kidogo. Saa ya kwanza huonyesha presha iliyo mtungini, na ya pili huonyesha ile inayotumwa kwenye kegi, ambayo ni kama bari moja hivi. Bari moja ni milibari 1,000. "Jiko la mtoto wako," akasema, "linataka milibari 30. Ukilipa 1,000 unalipa mara thelathini na zaidi ya haja yake. Hapo hupiki, unatupa moto."

Akaongeza kwamba regyuleta kama ile ina kitundu cha kupumulia ikizidiwa, na mipira yake ya ndani imekusudiwa hewa ya kaboni. Anayehifadhi bia kwenye kegi, iwe ya baa au ya kujitengenezea mwenyewe, hicho ndicho kifaa chake. Vile vile yeye mwenyewe ana regyuleta ya oksijeni na ya kuchomelea, na hawezi kuzibadilisha hata kwa dakika moja. "Watu huja hapa wakitaka niwachongee kiungo, hiki kiingie kwenye kile," akasema. "Huwa nakataa. Aliyetengeneza vifaa hivi alivipa midomo tofauti makusudi."

Nikakirudisha kifaa cha shemeji kwenye mkoba kimya kimya. Binti yangu aliniona lakini hakusema kitu.

Kisha akaichukua ile ya 450. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. "Imeandikwa nini?" akaniuliza. Nikatazama. Haikuandikwa kitu. Hapakuwa na jina la aliyeitengeneza, wala presha, wala aina ya gesi, wala mwaka. Hata mshale wa kuonyesha gesi inaelekea wapi haukuwepo.

"Basi haina mwenyewe," akasema. "Kitu kisicho na mwenyewe, kikikuumiza utamshtaki nani?"

Kwa kuwa ilikuwa haitafungwa tena kwenye mtungi wowote, akaifungua kwa bisibisi. Wewe msomaji usijaribu kufungua ya kwako, ikiharibika, itupe. Ndani kuna vitu vichache tu: springi, kiwambo cha mpira kama ngozi ya ngoma ndogo, na kijiwenzo kinachofungua na kufunga tundu la gesi. Jiko likivuta gesi, presha ya chini ya kiwambo hupungua, springi inakisukuma, tundu linafunguka. Jiko likizimwa, presha hupanda, kiwambo kinainuka, tundu linafungwa. Ngoma ile hucheza hivyo mchana kutwa bila sisi kujua. Kazi yake yote ni kusimama katikati ya mtungi wenye nguvu na jiko lililo dhaifu.

Ngoma ya binti yangu ilikuwa imepasuka ukingoni. Mpira wake ulikuwa mgumu kama ganda. Gesi ilipenya kwenye ule ufa, ikatokea kwenye kitundu kidogo cha juu, usiku kucha.

Yule mzee akatukumbusha tabia ya gesi yenyewe. Gesi ya kupikia haina harufu yake. Ile ya mayai viza hutiwa makusudi ili itushtue. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipai ikatokea dirishani kama moshi, bali hushuka sakafuni ikatambaa chini ya vitanda kama maji. Lita moja ya gesi ya maji iliyo mtungini ikitoka nje huwa lita 250 hivi za gesi. Na haihitaji kujaza chumba. Ikifika sehemu mbili hivi kwa mia ya hewa yote, cheche ya swichi inatosha. Nilimtazama binti yangu, nikautazama ule mkono uliomshika mwenzake.

Sasa, msomaji, najua hutaki kusikia tu kwamba cha rahisi ni ghali. Methali hiyo nilikuwa naijua hata siku niliyosema "chukua ya 450". Unachotaka ni kujua mtu mwenye pesa kidogo anunue ipi. Haya ndiyo niliyofunzwa Nchiru.

Kwanza, uliza kama unaihitaji. Kama mtoto anapika kwa kichomeo kinachosokotwa juu ya mtungi wa kilo sita, hahitaji regyuleta, maana kichomeo hicho kimeundwa kwa kazi hiyo na kina bomba lake. Regyuleta huanza kuhitajika pale jiko linapotengana na mtungi. Mzee alisema waziwazi kwamba mwanafunzi asiye na pesa ya regyuleta nzuri heri abaki na kichomeo chake hadi azipate.

Pili, jua mtungi wako kabla ya kwenda dukani. Ya mtungi wa kilo sita husokotwa, ya kilo 13 hukaa juu ya valvu na kujifunga kwa kubofya. Moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine, na mtu akikuambia anaweza kuilazimisha, muage.

Tatu, soma. Regyuleta ya jikoni inapaswa kuwa na jina la aliyeitengeneza, maandishi kwamba ni ya gesi ya kupikia, na presha inayotoka, ambayo ni 30 mbar. Inapaswa pia kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS. Alama hiyo huja na nambari, nayo unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023, ukianza na herufi SM na alama ya reli kisha nambari yenyewe. Alama bila nambari ni mchoro tu.

Nne, na hapa ndipo pesa zako zitakapopona, usinunue mapambo. Dukani utaonyeshwa regyuleta yenye saa, na utaambiwa ile saa inaonyesha gesi iliyobaki. Si kweli. Maadamu kuna gesi ya maji mtungini, iwe nyingi au kidogo, presha yake hubaki karibu ile ile, ikipanda na kushuka kwa joto la siku. Mshale utasimama palepale mwezi mzima, kisha utaanguka siku gesi inapokwisha. Saa hiyo ina faida yake katika kutambua uvujaji, lakini sabuni itakufanyia kazi hiyo kwa bei ya chini. Ukitaka kujua gesi iliyobaki, pima mtungi kwenye mizani, utoe uzito wa mtungi mtupu ambao umepigwa chapa kwenye chuma chenyewe. Kinachobaki ndiyo gesi yako.

Tano, tazama kinachoizunguka. Mpira uwe wa gesi wenye maandishi na tarehe, si bomba la kumwagilia maua, na ubanwe kwa klipu pande zote mbili, si kwa waya. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likichezacheza na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Kiberiti huupata, lakini hutabaki wa kusimulia. Na kila usiku funga regyuleta, usitegemee vifungo vya jiko peke yake.

Sita, nunua mahali utakapopewa risiti. Mwenye duka anayeandika jina lake kwenye karatasi amekubali kuulizwa kesho.

Tulitoka hapo tukanunua regyuleta ya kawaida, isiyo na saa wala rangi ya dhahabu, yenye maandishi yote, kwa shilingi 1,150. Ndiyo tofauti yenyewe, msomaji. Ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa ya kutisha, ya bei ya juu ilikuwa na mapambo, na ya kufaa ilikuwa hapo katikati ikimngoja mtu wa kuuliza. Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimesikia bei mbili nikachagua ndogo.

Lakini kilichonifanya niandike barua hii ndefu si bei. Jioni ile, tukimenya viazi chumbani mwao, nilimwuliza kama hakuwahi kuona dalili yoyote kabla ya usiku ule.

Akaendelea kumenya. "Niliona," akasema. "Wiki nzima moto ulikuwa unapanda juu, wa manjano, na jiko linapiga mluzi. Sufuria zikawa nyeusi."

Yule mzee alikuwa ametueleza hiyo pia. Moto mzuri wa gesi huwa wa buluu, mfupi na mtulivu. Ukiwa mrefu, wa manjano, wenye kelele na masizi, jiko linapata gesi kupita kiasi au hewa pungufu, na mtu huzima kwanza ndipo aulize.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema regyuleta ni regyuleta." Kisha kwa sauti ya chini: "Na nilijua pesa hakuna, Mama. Nilidhani utafikiri naitaka tu ile ya 1,300."

Nilitafuta jibu nikakosa. Miaka yote nimewaambia wanangu pesa hakuna, na ni kweli hakuna, nami niliona fahari kuwalea watoto wasiodaidai ovyo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kujifunza somo hilo vizuri mno. Wangu alilijifunza hata akakaa wiki nzima na moto wa manjano, akinihurumia mimi. Mimi nilihifadhi shilingi 850 na yeye akahifadhi maneno, na vyote viwili vilikutana usiku mmoja katika chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili.

Nilimwambia hivi, nami nakuambia wewe mzazi mwenzangu umwambie wako: kuna vitu vya kuomba na kuna vitu vya kuarifu. Viatu ni vya kuomba. Naweza kusema ngoja hadi mwisho wa mwezi. Moto, umeme, homa na mtu anayekufuata njiani usiku ni vya kuarifu, wala havingoji mshahara. Kama pesa hazipo, tutazitafuta pamoja, au utakula mkate na maziwa hadi zipatikane. Lakini usikae na jambo la namna hiyo peke yako kwa ajili ya kuniheshimu.

Na ninyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili la wazazi wenu, msicheke. Nusu yenu mna kidude hicho chini ya meza. Kigeuzeni leo mkisome. Kama hakina maandishi, mpigieni mtu.

Kifaa cha shemeji nilimrudishia njiani nikirudi Nairobi, nikamshukuru, naye anaendelea kumiminia watu kegi kwa amani. Ile ya 450 iko kwangu jikoni, imefunguka vile vile, nimeiweka kwenye rafu karibu na chupa ya chai. Mume wangu anataka itupwe. Nimemwambia bado.

Siku hizi nikimpigia binti yangu, baada ya salamu na kabla ya habari za masomo, humwuliza swali moja.

"Moto ni wa rangi gani?"

"Wa buluu, Mama."

Hapo ndipo ninapoendelea na mengine.